Tangi la Bibi Sekela

Boko, Dar es Salaam
Jumapili, 4 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Naandika kwa herufi kubwa na mstari mmoja nauruka, kama ulivyoagiza, ili usije ukasingizia miwani. Wapangaji wenzangu wananicheka. Wanasema nani siku hizi anaandika barua? Nawaambia baba yangu masikio yameziba, ujumbe wa simu haoni, na hataki mambo yake yapite mdomoni mwa mtu. Basi bahasha naivusha mji mzima mpaka Mbagala kwa Mwajabu wa ofisi ya basi, Mashaka anaipokea stendi ya Masasi, na wewe unaichukua siku ukija mjini. Ingekuwa rahisi nimpigie Mashaka akuandikie maneno yangu kwenye karatasi. Ulinikataza, na mpaka leo sijui kwa nini.

Nimepata kazi, Baba, ila ya mpingo siyo. Kuna mwalimu anaitwa Bupe, Mnyakyusa wa Kyela, anakaa Goba kule vilimani. Mama yake, Bibi Sekela, alipigwa na kiharusi mwaka jana. Upande wa kulia umelala na maneno yamekwisha, hata jina la mwanawe halisemi. Bibi amezaliwa Matema, kando ya Ziwa Nyasa, kwa hiyo Daniel, kaka yake Bupe, akaona amletee mama ziwa chumbani. Akanunua tangi la samaki kutoka hoteli moja iliyofungwa na kulijaza samaki wa rangi wa huko huko kwao, wa bluu na wa njano. Tangi lina urefu wa mita mbili na nusu, kimo chake kinanifika kifuani, na linakula lita elfu moja na mia tano.

Shida ni kwamba lile tangi la kioo siyo. Ni akriliki, plastiki nene kama kidole gumba, angavu kuliko kioo lakini laini, hata ukucha unaikwaruza. Huko hotelini walikuwa wanalisugua kwa stilwaya kama sufuria ya ubwabwa! Ndani limejaa mikwaruzo, ukiwatazama samaki ni kama unawatazama kwenye moshi wa kuni. Bibi analitazama tangi siku nzima na haoni kitu, machozi yanamtoka. Mafundi wawili wamekataa kazi. Mie nikasema msasa ni msasa, na mimi ni mtoto wa Albano.

Nimeanza Ijumaa. Samaki wako kwenye madiaba uani, wanatunzwa na Gibson, fundi wa pampu na mabomba. Naingia ndani ya tangi kwa magoti, nasugua kwa msasa wa maji, naanza namba mia nne. Nataka uniambie nipande vipi na nimalizie wapi. Vifaa vyako vyote ninavyo, hata ile chupa ya spiriti uliyonipa siku naondoka nimeibeba.

Bibi ananitazama nikiwa humo ndani. Sijui ananiona kama nani.

Wako,
Flaviana

*

Masasi
Jumamosi, 10 Agosti 2024

Flaviana binti yangu,

Marahaba. Herufi zako zimekuwa kubwa mpaka barua ilijaa kurasa nne, nikadhani umeniandikia wosia. Mimi mzima. Mikorosho imechanua vizuri mwaka huu, na mgongo umekubali kuniacha niiname.

Kazi yako nimeielewa. Kutoka mia nne nenda mia sita, kisha mia nane, elfu moja, elfu moja na mia tano, elfu mbili. Usiruke hata hatua moja kwa sababu ya haraka. Kila namba badili njia ya mkono: hii ukienda kwa urefu, inayofuata uende kwa upana, mpaka mistari ya namba iliyopita imekwisha yote. Maji yasikauke. Usikandamize, acha msasa ndio ule. Kule mwisho tumia polishi ya magari na kitambaa cha fulana kuukuu. Ukiona uso wako ndani yake na usiuchukie, umemaliza.

Sasa sikiliza. Ile chupa ya spiriti usiifungue. Kwa mpingo na mninga, sawa, futa nayo kila namba kama nilivyokufundisha, itakuonyesha mkwaruzo uliojificha. Kwa hiyo plastiki tumia maji na sabuni laini basi. Usiniulize sababu, wala usimuulize mtu mwingine. Fanya nilivyosema.

Bahasha hii nimeifunga kwa gundi ya mbao. Ikikufikia imefunguliwa, niambie.

Baba yako,
Albano

*

Boko
Jumapili, 18 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Bahasha imefika nzima, nimehangaika na kisu kuifungua. Jamani, ni barua ile au jeneza?

Kazi imekwisha! Nilisugua siku kumi na moja. Magoti yamevimba na vidole havina ngozi, lakini ungeliona lile tangi ungenisifu hata wewe mgumu wa kusifu. Tulipojaza maji, Munira, mama anayemhudumia Bibi, alinyoosha mkono akitaka kumshika samaki, akagonga vidole kwenye plastiki. Hakuiona. Tulicheka mpaka Bupe akakaa chini.

Sasa sikia hili. Siku ya tatu baada ya samaki kurudishwa, Bibi Sekela alikuwa anatazama kama kawaida yake. Samaki mmoja wa bluu akaja mpaka karibu na uso wake akasimama. Bibi akafungua mdomo akasema, "Matema." Baba, miezi kumi na minne hajasema neno! Bupe alitoka mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi, akapiga magoti pale pale sakafuni akalia. Nami nililia. Nimechonga vinyago tangu nina miaka tisa na sijawahi kufanya kitu kikamsaidia mtu namna ile.

Wamekisogeza kitanda cha Bibi kimegusana na tangi kabisa, ubavu kwa ubavu, ili aweke kiganja chake cha kushoto kwenye plastiki. Analala hivyo na kushinda hivyo. Bupe amewaambia walimu wenzake wote juu yangu. Kuna mtu wa Wazo na mwingine wa hapa hapa Boko wananitaka niwafanyie matangi yao.

Kuhusu spiriti, usiwe na wasiwasi. Sikuigusa.

Mwanao,
Flaviana

*

Masasi
Jumamosi, 24 Agosti 2024

Flaviana mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nikiwa chini ya mkorosho, na watu waliopita waliniona nacheka peke yangu. Watasema masikio yalianza, sasa akili inafuata. Nimefurahi sana. Mama yako angekuwapo angeizungusha hiyo barua jumuiya nzima.

Lakini nakuomba jambo moja. Ukipita Goba, chukua tochi. Inama pembeni ya tangi, ulimulike kwa ubavu, siyo kwa mbele. Tazama kwenye pembe, karibu na mahali palipogundishwa, na pale chini ambapo maji ni mazito. Tazama kwa utulivu. Kama chupa hukuifungua, hutaona kitu, na utakuwa umemridhisha mzee mwenye maneno mengi.

Kitanda wangekirudisha nyuma kidogo. Mgonjwa anahitaji hewa.

Nijibu upesi.

Baba yako,
Albano

*

Boko
Jumapili, 1 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Nimekwenda na tochi. Nimeona.

Kwanza nikuambie ukweli, maana sitalala vizuri mpaka niuseme. Spiriti niliitumia. Barua yako ya kwanza ilinifikia nikiwa nimeshavuka namba elfu moja, na kila namba nilikuwa nimefuta nayo, ukuta wa mbele wote na pembe zote mbili, kama mkono ulivyozoea. Niliona hukutoa sababu, nikadhani ni ule ukali wako wa kutotaka vitu vyako viishe. Nikakudanganya ili usinune. Nisamehe.

Kwenye pembe ya kulia, upande wa kichwa cha Bibi, kuna mistari. Kwa mbele haionekani kabisa. Ukilaza tochi inang'aa yote kwa pamoja, myembamba kama nywele, mamia, imesimama wima imebanana. Nilipitisha ukucha, hauikamati. Haiko juu ya plastiki, iko ndani yake. Nilidhani ni mikwaruzo niliyoiacha, kwa hiyo nikamwambia Bupe ninamalizia kidogo. Tukapunguza maji nusu, nikasugua upya elfu mbili, nikapiga polishi. Ikabaki vile vile. Juzi niliporudi ilikuwa imefika kwenye pembe ya kushoto pia.

Bupe haoni kitu, anasema macho ya fundi ni ugonjwa. Ila Bibi anaona. Amelala pale, jua la asubuhi linapita nyuma ya maji, naye siku hizi hatazami samaki. Anatazama ile pembe. Jumatano alisema neno la pili. Alisema, "Mvua." Bupe akashangilia, akampigia Daniel simu. Mimi nilifuata macho ya Bibi yalipokuwa yanatazama. Ile mistari inafanana kabisa na mvua.

Baba, kuna nini kwenye hiyo spiriti? Ulijua nini?

Mwanao,
Flaviana

*

Masasi
Alhamisi, 5 Septemba 2024

Flaviana,

Barua yako niliipata Jumanne. Leo ni Alhamisi. Hizo siku mbili nitazieleza, lakini kwanza haya.

Maji yatoke kwenye hilo tangi leo. Kabla ya maji, atoke yule bibi. Ile siyo mikwaruzo. Ni nyufa. Spiriti inaingia ndani ya plastiki ile na kuichana polepole, na ikiwa imebeba uzito inachanika zaidi. Huwezi kuisugua ikaisha. Itakaa wiki, au mwezi, halafu itaachia yote kwa mara moja. Waambie wenye nyumba. Waambie kwa nini.

Ninajua kwa sababu nilifanya hivyo hivyo. Miaka kumi na tisa iliyopita, wewe ukiwa darasa la pili, kigango chetu kililetewa bamba la plastiki hiyo ili tutengeneze sanduku la kumfunika Bikira Maria asipate vumbi. Nililitengeneza mimi. Likapata mikwaruzo njiani, nikalisugua kwa msasa, nikalifuta kwa spiriti mara kumi, nikijisifu. Lilikuwa zuri mno. Siku chache kabla ya sikukuu ya Kupalizwa likapasuka, likaanguka pamoja na sanamu, sanamu ikavunjika shingo. Aliyekuwa ndani peke yake anafagia ni Ferdinand, mtunza kanisa. Wakasema aligonga kwa ngazi. Wakasema alikuwa amelewa, na Ferdinand alikuwa hanywi hata togwa. Wakamtoa kazini. Mpaka anazikwa watoto walikuwa wanamwita Mvunja Sanamu.

Fundi aliyekuja kutoka Mtwara kuweka sanduku jipya aliokota kipande, akakigeuza kwenye mwanga, akaniuliza pembeni kama lilifutwa kwa spiriti. Nilimwambia sijui. Niliposema hivyo Ferdinand alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, anasubiri kusikia.

Mashaka ni mtoto wa Ferdinand. Sasa unajua kwa nini sitaki maneno yetu yapite kwake. Kila barua yako naipokea kutoka mkono wake, naye ananishika kiwiko ananivusha barabara kwa sababu sisikii magari.

Jumanne niliposoma barua yako nilirudi stendi nimpe namba yako akupigie upesi. Nilikaa kwenye benchi mbele ya dirisha lake. Ningeandika nini? Ningeandika spiriti, ningeandika plastiki, naye ana akili. Akaniletea chai. Nikainywa nikaenda nyumbani. Jana nikafanya hivyo hivyo. Hiyo ndiyo habari ya siku mbili, na ninakuandikia nikiwa na aibu ambayo sijawahi kumwonyesha mtu.

Ningekufundisha spiriti pamoja na ubaya wake, hili lisingekukuta. Nilikupa nusu kwa sababu nusu nyingine ilikuwa na jina langu.

Usiwe kama mimi. Mwondoe yule bibi.

Albano

*

Boko
Jumapili, 8 Septemba 2024

Baba,

Mwajabu alinipa barua yako jana asubuhi. Niliisomea pale pale Mbagala, nimesimama kwenye kelele, kisha nikaenda moja kwa moja mpaka Goba. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa nayo yote.

Nilimkuta Bupe ameshika daftari la wageni. Jumapili ijayo wanafanya ibada ya shukrani nyumbani kwa ajili ya Bibi kurudishiwa maneno. Ndugu wanatoka Kyela na Tukuyu, mchungaji atakuwapo, viti vimeshaagizwa. Akanishika mikono yote miwili, akasema, "Flaviana, siku hiyo utakaa mbele na sisi, wewe ni mtoto wa nyumba hii." Maneno yangu yakanywea.

Nikamwambia tangi linahitaji ukaguzi, tulitoe maji kidogo. Akasema baada ya ibada. Nikamwambia basi kitanda kirudi nyuma, mgonjwa apate hewa, nikitumia maneno yako. Akasema walijaribu, Bibi akalia mpaka wakakirudisha. Nikasema sawa. Ndivyo nilivyosema, Baba. Nilisema sawa.

Kuna jingine baya zaidi. Chini ya pembe ya kulia sakafu ilikuwa na unyevu, kiasi cha kiganja. Bupe akamwita Gibson akamwambia mabomba yake yanavuja. Gibson akaapa, "Sista Bupe, hii ishu siyo ya bomba. Mie nimekazaga mwenyewe, kagua uone." Bupe akajibu kwamba bomba lisilovuja halilowanishi sakafu, na kama hawezi kazi asirudi tena. Gibson akanigeukia. Akasema, "Braza Daniel hayupo, basi wewe fundi mwenzangu sema. Si unaona bomba ni kavu?"

Nilitazama chini. Gibson akakusanya spana zake akaondoka, hata maji ya kunywa hakuomba.

Nitasema Jumatatu ijayo, wageni wakiondoka. Siku nane tu. Labda ule unyevu ni jasho la plastiki kwa sababu ya joto. Naogopa, Baba, sina neno jingine la kuweka hapo. Nikisema, mimi ni yule fundi aliyetaka kumwua mama wa watu, na hakuna mtu kuanzia Goba mpaka Boko atakayenipa hata mguu wa kiti niusugue. Usinihukumu wewe. Wewe ulinyamaza miaka kumi na tisa.

Nilipoaga, Bibi alinishika kidole kwa ule mkono wake mzima. Hakutaka kuniachia. Kiganja chake kilikuwa kimelowa.

Flaviana

*

Masasi
Jumatano, 11 Septemba 2024, saa nne asubuhi

Flaviana,

Nimesoma jina la Gibson nikaona la Ferdinand. Nakuandikia kwenye benchi la stendi, samahani kwa mwandiko.

Barua yako nimeifungua mbele ya Mashaka, na nilipoimaliza sikuikunja. Niliomba kalamu. Nikaandika nyuma ya daftari lake la mizigo: "Sanduku la Bikira halikuvunjwa na baba yako. Lilipasuka kwa kosa langu mimi, nilijua, nikanyamaza. Leo mwanangu amenyamaza hivyo hivyo na kuna mama mgonjwa amelala chini ya maji. Mpigie." Nikaweka namba yako.

Alisoma mara mbili. Hakunitazama. Basi la Newala liliingia, likashusha na kuondoka. Kisha akachukua simu. Niliona midomo yake ikicheza kidogo tu, maneno machache, kama matano au sita, akakata. Sikusikia aliyoyasema. Niliandika, "Umemwambia nini?" Amekwenda kupakia mizigo, na amenipa mgongo mpaka sasa.

Anaweza kuwa amekutukana. Anaweza kuwa amekwambia usihangaike, mzee amerukwa na akili, nami sitamlaumu. Sina namna ya kujua isipokuwa kwako. Barua hii nampa yeye yeye aipandishe kwenye basi. Ikikufikia, jibu hata kwa mstari mmoja.

Kama bado hujasema, weka karatasi hii chini uende. Usimalizie kuisoma.

Baba yako

*

Goba, Dar es Salaam
Jumatatu, 16 Septemba 2024

Mzee Albano,

Shikamoo. Hunifahamu. Ninaitwa Bupe, na ninakuandikia kwa herufi kubwa na kuruka mstari, kwa sababu Flaviana ameniambia ndivyo unavyosoma. Ninaandika mimi kwa kuwa yeye hawezi kushika kalamu. Yu hai. Nalisema mapema ili usiitafute habari hiyo mbele.

Jumatano saa nne nilikuwa darasani. Simu ikaita mara tatu mfululizo nikatoka nje. Alikuwa yeye, yuko kwenye bodaboda anapiga kelele juu ya upepo, akaniambia yote. Spiriti, nyufa, barua zako, Gibson. Aliniambia mtoe mama chumbani sasa hivi. Nikampigia Munira, simu yake ilikuwa inachajiwa jikoni. Nikakimbia barabarani kutafuta usafiri. Sijui nilivaa viatu gani.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Munira. Flaviana aliingia bila kubisha hodi. Maji yalikuwa yameanza kutoka kwenye pembe, na Munira alikuwa anayazuia kwa mataulo, anadhani ni bomba. Flaviana alimbeba mama yangu mikononi, mama ni mtu mzito, akamtoa mpaka barazani akamlaza kwenye mkeka. Mama akamtazama akasema, "Ndaga." Kwetu ni asante. Kisha Flaviana akasikia Munira bado yumo ndani na mataulo yake, akarudi. Alimsukuma nje ya mlango. Ukuta wa mbele wa tangi ukaachia wote.

Kitanda cha mama tulikikuta uani, kimevunjika miguu. Kipande kimoja cha plastiki kilimkata Flaviana mkono wa kulia, kutoka kiganjani mpaka juu ya kiwiko. Wameshona mishipa. Kidole gumba na cha shahada havijasogea mpaka leo, na daktari anasema tusubiri, hasemi tusubiri nini. Samaki walikufa wote sakafuni.

Mzee wangu, nitakuwa mkweli kwako. Nina hasira. Nina hasira na mwanao, ambaye nilimshika mikono Jumamosi ile akasema sawa huku anajua. Nina hasira nawe, ambaye uliijua spiriti hiyo kabla sijamjua yeye, ukaikalia siku mbili kwenye benchi. Mama yangu hajasema neno tangu lile la barazani. Amegeukia ukutani. Tulifuta ibada, tukarudisha viti. Kila siku nakwenda hospitali kumpelekea Flaviana uji, na njia nzima nakwenda nimekasirika, na nikifika namlisha kwa kijiko. Sijui nimwite nani. Bado sijamsamehe, na sitaki uambiwe vinginevyo.

Kwa Gibson nilikwenda Ijumaa. Nilimwomba radhi mbele ya mke wake na majirani zake, kwa sababu nilimfukuza mbele ya watu. Flaviana ndiye aliyesisitiza kwamba iwe mbele ya watu.

Nilimuuliza Flaviana huyo Mashaka alimwambia nini kwenye simu. Anasema hakumtukana. Alisema, "Mzee amesema. Na wewe kaseme." Kisha akakata.

Flaviana ameomba mambo mawili kwako. La kwanza, usije Dar kwanza, mpaka uwe umesimama kanisani kwenu ukaeleza habari ya sanduku, jina la Ferdinand likitajwa kwa sauti, hata kama wewe hutaisikia.

La pili ni kuhusu bahasha hii. Nilikuwa nimeshaipaka gundi, akanizuia kwa mkono ule mzima. Amesema nisiifunge, niikunje tu na kumpa Mwajabu hivyo hivyo, ili ikifika Masasi Mashaka aisome kwanza kabla yako.

Ni mimi,
Bupe